Mashine Ndani ya Mashine: Historia ya Kujaribu Kerneli Mpya, kwa Mtazamo wa Karagwe na Kyerwa

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja yenye makao yake Kayanga, zimeingia katika historia ya kompyuta kwa kuchelewa, na zimeingia kwa mlango wa watumiaji, si wa waundaji. Hata hivyo, simu inayopokea malipo ya kahawa pale Nkwenda na kompyuta inayotunza kumbukumbu za wagonjwa pale Kayanga huendeshwa na programu ya msingi iitwayo mfumo endeshi, na ndani ya kila mfumo endeshi mna kiini chake, ambacho wataalamu hukiita kerneli, yaani ile sehemu inayogawa muda wa prosesa baina ya programu mbalimbali, inayopimia kila programu kumbukumbu yake, inayosoma na kuandika diskini, na inayoamua ni nani aruhusiwe kugusa kifaa kipi. Programu ya kawaida ikikosea, kerneli huizima na kazi nyingine zikaendelea. Kerneli yenyewe ikikosea, hakuna kilicho juu yake cha kuizuia, na mashine nzima husimama, mara nyingine pamoja na data ambazo hazijawahi kuandikwa diskini. Ndiyo maana swali la mahali pa kuijaribia kerneli iliyotoka kuundwa limewasumbua waandishi wake tangu mwanzo, na jibu lililopatikana, yaani kuiwasha ndani ya mashine iliyoundwa kwa programu badala ya chuma, lina historia inayowahusu watu wa Karagwe na Kyerwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa ndilo lililoondoa ulazima wa kumiliki kompyuta ya pili.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa mtambo wa kujaza chumba, uliokodishwa kwa gharama ambayo taasisi kubwa pekee ziliimudu, na mwandishi wa mfumo endeshi aliyetaka kujaribu mabadiliko yake hakuwa na njia isipokuwa kuwaondoa watumiaji wote, kuuchukua mtambo peke yake, kupakia programu yake na kungoja aone kama itafanya kazi. Zamu ya namna hiyo ilitolewa usiku wa manane au mwisho wa juma, na kosa dogo lililojitokeza katika dakika ya kwanza liliweza kuimaliza zamu nzima. Gharama kubwa ya jaribio ilikuwa saa za mtambo walizonyimwa watu wengine, na gharama hiyo iliwafundisha waandishi wa kerneli kujaribu mara chache na kwa woga, mazoea yasiyoifaa kazi ambayo makosa yake huonekana tu inaporudiwa mara nyingi katika hali tofauti.

Tanzania ilikutana na ugumu huo kwa sura yake yenyewe. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha jijini Dar es Salaam mwaka 1965, na kufikia mwaka 1974 mitambo ya namna hiyo nchi nzima ilikuwa bado ya kuhesabika kwa vidole. Juhudi za kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta zilikwama, kazi ikarudishwa kwa makarani na madaftari yao, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vya televisheni, katazo lililolegezwa hatua kwa hatua katika miongo iliyofuata. Uamuzi huo kwa kawaida huelezwa kwa uhaba wa fedha za kigeni na kwa siasa ya kujitegemea, na maelezo hayo yana uzito wake. Lakini iko sababu ya kiufundi ambayo haijapewa nafasi inayostahili, nayo ni kwamba nchi yenye mitambo michache, ambayo kila mmoja umeshapangiwa kazi ya kila siku, haina mahali pa kukosea bila kuumia. Pale ambapo mtambo wa kulipia mishahara ndio huohuo wa kujaribia mabadiliko, kila badiliko ni kamari, na serikali iliyoamua kuacha kucheza kamari hiyo haiwezi kulaumiwa kwa urahisi. Karagwe, iliyoko zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Dar es Salaam, haikuguswa moja kwa moja na katazo lile, maana hesabu zake za kahawa ziliendelea katika leja za karatasi kama ilivyozoeleka; iliguswa baadaye, kwa upungufu wa mafundi, kwa kuwa kizazi kizima hakikupata mashine za kujifunzia.

Wakati huohuo, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya IBM mjini Cambridge, Massachusetts, ufumbuzi ulikuwa umeshaanza kutumika. Mwishoni mwa mwaka 1964 kikundi kilichoongozwa na Robert Creasy, akisaidiana na Les Comeau, kilianza kuandika programu iliyoitwa CP-40 kwa ajili ya mtambo wa System/360 Model 40, uliofanyiwa marekebisho ya kipekee ili uweze kutafsiri anwani za kumbukumbu, yaani kumfanya kila mtumiaji aone kumbukumbu inayoanzia sifuri kana kwamba yote ni yake. Ilipoanza kazi rasmi mwezi Januari 1967, CP-40 iliweza kuugawa mtambo mmoja uwe mitambo 14, kila mmoja ukiwa na kumbukumbu yake, diski zake na taipureta yake ya kuongozea, na kila mmoja ukiwa tayari kupokea mfumo endeshi wowote ulioandikwa kwa ajili ya mtambo wa kweli. Mtambo wa namna hiyo, ulioumbwa na programu lakini unaotii amri zilezile za mtambo wa chuma, ndio unaoitwa mashine pepe. Kompyuta inayoubeba huitwa mwenyeji, mfumo endeshi unaowashwa ndani yake huitwa mgeni, na programu inayowasimamia wageni huitwa haipavaiza. CP-40 ilifuatwa na CP-67, na tarehe 2 Agosti 1972 IBM ilitangaza VM/370 kama bidhaa ya kuuzwa.

Nia ya awali ya Creasy na wenzake ilikuwa kuwagawia watumiaji wengi mtambo mmoja, lakini waliofaidi zaidi walikuwa waandishi wa mifumo endeshi wenyewe. Mgeni alipoanguka, alianguka peke yake. Mwenyeji aliendelea kuwahudumia wengine, na mwandishi aliweza kukagua kumbukumbu ya mgeni wake aliyekufa, neno kwa neno, bila kumkera yeyote. Kazi iliyofanyika Cambridge mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikwenda mbali zaidi: CP-67 ilirekebishwa ili itoe mashine pepe zenye amri za mtambo mpya wa System/370 wenye kumbukumbu pepe, mtambo ambao wakati huo ulikuwa haujakamilika kiwandani, na ndani ya mashine pepe hizo ikawashwa kerneli iliyokusudiwa kwa mtambo huo ujao. Kerneli ilikuwa inajaribiwa kabla ya chuma chake kuwepo. Katika historia yote ya desturi hii hakuna hatua iliyokuwa na matokeo makubwa kuliko hiyo, kwa sababu tangu siku ile kujaribu mfumo endeshi kulitenganishwa na kuwa na mashine unayoukusudia.

Msingi wa kinadharia uliwekwa mwezi Julai 1974, mwaka uleule wa katazo la Tanzania, pale Gerald Popek na Robert Goldberg walipochapisha masharti ambayo prosesa inapaswa kuyatimiza ili iweze kubeba mashine pepe kwa uaminifu. Walidai mambo matatu: kwamba programu iliyo ndani ya mashine pepe itende kama ingetenda kwenye mashine halisi, kwamba msimamizi asipoteze mamlaka juu ya vifaa vyote, na kwamba sehemu kubwa ya amri za mgeni zitekelezwe na prosesa yenyewe moja kwa moja, bila kupitia kwa msimamizi, ili kasi isipotee. Kwa lugha ya kazi, kila amri inayoweza kugusa hali ya mashine, kama vile amri ya kuzuia vikatizi, ambavyo ni ishara za vifaa za kuitaka prosesa isikilize, ni lazima ikamatwe na kupelekwa kwa msimamizi pindi inapotolewa na mgeni.

Prosesa zilizokuja kuenea duniani, zikiwa ni pamoja na zile zilizofika Karagwe ndani ya kompyuta za mezani, hazikutimiza masharti hayo. Familia ya prosesa za Intel iliyoanzia kwenye 8086, na hasa 386 ya mwaka 1985, ilikuwa na amri kadhaa ambazo, zikitolewa na programu isiyo na mamlaka, hazikukamatwa wala hazikukataliwa, bali zilipuuzwa kimyakimya au zilitoa jibu lisilo sahihi. Amri iitwayo POPF ni mfano unaojulikana sana: kerneli huitumia kurejesha hali ya vikatizi, lakini ikitolewa na mgeni asiye na mamlaka, prosesa huiacha sehemu inayohusu vikatizi kama ilivyo na kuendelea mbele bila kumwarifu yeyote. Kerneli iliyowashwa katika hali hiyo ingeamini kwamba imefunga mlango ambao ungali wazi. Hivyo jambo lililokuwa la kawaida kwa mafundi wa mitambo mikubwa ya IBM mwaka 1972 lilikuwa karibu haliwezekani kwa mwenye kompyuta ya mezani miaka 20 baadaye.

Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipotangaza kerneli yake mwezi Agosti 1991, aliiandika na kuijaribu kwenye kompyuta yake ya 386, na kwa miaka mingi waliojiunga naye walifanya vivyo hivyo: waliijenga kerneli, wakaizima kompyuta, wakaiwasha tena kwa kerneli mpya, na ilipogoma wakairudia ya zamani ambayo kila mwenye busara aliihifadhi pembeni. Ilikuwa desturi iliyowafaa zaidi watu wenye kompyuta mbili. Ya kwanza iliandikiwa na ya pili iliangushwa, zikiwa zimeunganishwa kwa waya wa mlango wa mfululizo ili maneno ya mwisho ya kerneli inayokufa yasomwe upande wa pili. Mtu mwenye kompyuta moja, ambayo pengine ni ya shule au ya ofisi ya parokia, aliweza kuitumia Linux kwa raha yake yote, lakini hakuweza kuigusa kerneli yake bila kuhatarisha kazi za wenzake.

Ukuta huo ulibomolewa kidogo kidogo na kwa mikono mingi. Kevin Lawton aliandika Bochs katika miaka ya 1990, programu iliyoiga prosesa amri moja baada ya nyingine, sahihi lakini nzito mno. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998 na watu waliotoka katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, ilitoa mwaka 1999 bidhaa iliyozisoma amri za kerneli kabla hazijatekelezwa na kuzibadilisha zile zenye matatizo. Katika mwaka huohuo Jeff Dike alianza kuifanya kerneli ya Linux iendeshwe kama programu ya kawaida ndani ya Linux nyingine, bila prosesa ya kuigwa kabisa, kazi iliyoingizwa katika kerneli rasmi ya mfululizo wa 2.6. Mwaka 2003 ulileta mambo mawili kwa pamoja: Xen, kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza, na QEMU, iliyoandikwa na Mfaransa Fabrice Bellard, ambayo hutafsiri vipande vya amri za prosesa moja kuwa amri za nyingine na kuvihifadhi ili visitafsiriwe upya, hata ikawezekana prosesa ya kompyuta ya mezani kuiga prosesa ya simu. Mwishowe wenye viwanda wenyewe walirekebisha walichokosea: Intel mwezi Novemba 2005 na AMD mwaka 2006 walitoa prosesa zenye hali maalumu ya kubeba wageni, na Avi Kivity wa kampuni ya Qumranet akaandika KVM, sehemu ndogo inayoifanya Linux yenyewe kuwa haipavaiza, iliyoingia katika toleo la 2.6.20 mwezi Februari 2007. Masharti ya mwaka 1974 yalikuwa yametimizwa katika kompyuta ya bei ya kawaida baada ya miaka zaidi ya 30.

Tanzania ya wakati huo haikuwa imelala. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanywa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na kwa kazi hiyo ukaacha msamiati ambao waandishi wa leo wangali wanaufaidi. Huko Karagwe shirika la FADECO liliunganisha kituo cha habari na redio ya jamii, likichota maarifa ya kilimo kutoka intaneti na kuyarusha kwa wakulima wasio na kompyuta. Mwezi Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mkongo wa taifa ukaanza kuipeleka intaneti mikoani. Kazi zote hizo zilihusu tabaka la juu la kompyuta, yaani lugha, maudhui na njia za mawasiliano. Kerneli ilichukuliwa kuwa kitu kinachokuja kikiwa tayari, kama vile injini ya gari isivyofunguliwa na dereva. Mgawanyo huo wa kazi ulikuwa na sababu mwaka 2004. Leo hauna.

Ili dai hilo lieleweke, inafaa kuufuata mwenendo wa jaribio lenyewe jinsi linavyofanyika sasa. Fundi hupakua msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kabla hayajageuzwa kuwa amri za prosesa, ambao kwa matoleo ya mfululizo wa 6 ni faili lililobanwa linalozidi megabaiti 130, mzigo unaobebeka hata kwa kifurushi cha simu. Huchagua sehemu za kuingizwa, na hapa ndipo mwenye mashine dhaifu anapopata nafuu, kwa sababu mashine pepe ina vifaa vichache tu na haihitaji maelfu ya viendeshi, ambavyo ni vipande vya kerneli vinavyojua kuzungumza na vifaa mahususi. Kerneli kamili ya kugawiwa umma yaweza kuchukua saa kadhaa kujengwa kwenye kompyuta ya mtumba, lakini iliyopunguzwa kwa ajili ya mashine pepe hujengwa kwa sehemu ndogo ya muda huo. Kisha QEMU hupewa faili la kerneli moja kwa moja, bila kuliweka katika diski yoyote, pamoja na mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kwenye kumbukumbu, mara nyingi wenye programu moja tu ya BusyBox inayokusanya amri za lazima, na maneno yote ya kerneli huelekezwa kwenye mlango wa mfululizo wa kuigwa ili yasomeke dirishani. Kerneli ikiwaka na kuendesha programu ya kwanza, jaribio la awali limepita. Ikianguka, fundi hufunga dirisha, husoma maandishi yaliyobaki, na hurudi kwenye msimbo. Kompyuta yake, barua zake na kazi za wenzake haziguswi. Akitaka, huisimamisha kerneli katikati ya amri na kuikagua kwa kitatuzi, programu ya kufuatilia hatua za programu nyingine, jambo ambalo zamani lilihitaji ile kompyuta ya pili na ule waya.

Wakulima wa Kagera, mkoa wa wilaya hizi, wanaujua utaratibu wa namna hii kutoka shambani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati ugonjwa na wadudu vilipokuwa vimeidhoofisha migomba ya mkoa, programu ya maendeleo iliyofadhiliwa na Ubelgiji ilileta aina mpya za migomba zilizozalishwa maabara, nazo zilipitia vitalu na mashamba ya majaribio kabla ya kusambazwa kwa kaya, kwa sababu mche mbaya uliopandwa katikati ya kibanja huharibu zaidi ya nafasi yake.

Faida kubwa ya mashine pepe, hata hivyo, ni urahisi wa kurudia. Torvalds aliandika Git mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya kutunza historia ya msimbo wa kerneli, na chombo hicho kikapata baadaye uwezo wa kutafuta badiliko lililoleta kasoro kwa kugawa historia nusu kwa nusu: ikiwa kerneli ya mwezi uliopita ilikuwa nzima na ya leo ni mbovu, na kati yake yamo mabadiliko 1,000, hujaribiwa la katikati, kisha la katikati ya nusu iliyobaki, na baada ya majaribio takriban 10 mkosaji hujulikana. Kwa kuwa kila toleo jipya la Linux, linalotoka kila baada ya wiki 9 au 10, hubeba mabadiliko zaidi ya 10,000, kazi hiyo ingechosha mno kwa kuzima na kuwasha kompyuta kwa mkono. Ndani ya mashine pepe huachiwa hati fupi ya amri, na fundi akalala. Kutokana na wepesi huohuo ilizaliwa syzkaller, iliyoanzishwa na Dmitry Vyukov wa Google mwaka 2015, ambayo huiangusha kerneli kwa makusudi kwa kuitupia maombi ya ovyo yaliyopangwa kwa akili, huandika ombi lililoua, huiwasha mashine pepe mpya, na kuendelea usiku na mchana. Maelfu ya kasoro zimepatikana kwa njia hiyo, nyingi zikiwa zimejificha kwa miaka.

Iko aina moja ya jaribio ambayo wakazi wa Karagwe na Kyerwa wana haki ya kuifuatilia kuliko wengine, nayo ni jaribio la kukatika kwa umeme. Historia ya nishati katika eneo hili ni ya mpakani: katika ukoloni mtambo mdogo wa maji ulijengwa Kikagati, ng'ambo ya Murongo kwenye mto Kagera, kwa ajili ya machimbo ya bati ya eneo hilo, ukaharibiwa katika vita vya Tanzania na Uganda vya mwaka 1978 na 1979, kwa miongo kadhaa mkoa wa Kagera ulipata umeme mwingi kutoka Uganda kupitia Masaka na Kyaka, na ni katika miaka ya karibuni tu ambapo mtambo mpya umesimama tena palepale Kikagati na Murongo. Kwa mtumiaji wa kompyuta wa Kayanga au Rubwera, kukatika kwa umeme katikati ya kuandika ni tukio la kawaida, si dharura, na kinachoamua kama faili lake litapona ni sehemu ya kerneli inayoitwa mfumo wa faili.

Kinga ya kwanza dhidi ya hasara hiyo katika Linux ilikuwa daftari la mabadiliko, ambamo kerneli huandika kwanza inachokusudia kufanya kabla ya kukifanya, ili ikikatizwa ijue pa kuanzia. Mfumo wa ext3 wenye daftari hilo uliingia katika kerneli rasmi mwezi Novemba 2001. Mrithi wake ext4, uliotangazwa kuwa tayari mwishoni mwa mwaka 2008, ulichelewesha kutenga nafasi diskini kwa ajili ya kasi, na mapema mwaka 2009 watumiaji walianza kulalamika kwamba baada ya kompyuta kuzimika ghafla walikuta mafaili yao yapo kwa jina lakini ni matupu, mpaka kerneli ikarekebishwa. Kisa hicho kinaonyesha kwamba kinga hizi hazijengwi mara moja zikaisha. Hujaribiwa upya kwa kila badiliko.

Hapo pana mtego unaowanasa wengi. Kuiua mashine pepe ghafla hakulingani na kukata umeme, kwa sababu data ambazo mgeni aliamini ameziandika diskini zimekwisha kufika katika kumbukumbu ya mwenyeji, na mwenyeji, ambaye hakuzimika, ataziandika kwa utulivu baadaye. Diski ya kweli iliyokatiwa umeme hupoteza kilichokuwa bado katika kumbukumbu yake ya muda, na pengine hupoteza cha mwanzo na kubakisha cha mwisho. Mtu aliyeiua mashine pepe yake mara nyingi bila kupoteza faili hajathibitisha lolote kuhusu usiku wa mvua pale Kaisho. Mwaka 2015 kerneli ya Linux ilipata chombo kilichoandikwa na Josef Bacik, ambacho hukaa kati ya mfumo wa faili na diski, kikaandika kwa mpangilio kila kilichopelekwa na kila ombi la kuhakikisha kimefika, ili baadaye historia hiyo irudiwe mpaka nukta yoyote, kana kwamba umeme ulikatika hasa pale, na mfumo wa faili ukaguliwe. Ndani ya mashine pepe ukatikaji wa namna hiyo huweza kurudiwa mara nyingi mno kwa siku moja, katika nukta ambazo shirika la umeme, TANESCO, haliwezi kuzichagua, na fundi anayeishi mahali umeme unapokatika kweli ana mizani ya kulinganishia ambayo mwenzake wa Helsinki hana.

Upande wa simu, ambayo kwa watu wengi wa wilaya hizi ndiyo kompyuta pekee, historia ni ileile kwa njia nyingine. Android, iliyofika sokoni mwaka 2008, mwaka ambao M-Pesa ilianza Tanzania, imejengwa juu ya kerneli ya Linux, na tangu mwanzo wasanidi wake walipewa simu ya kuigwa iliyotegemea QEMU, iliyopewa jina la Goldfish, ili programu na kerneli vijaribiwe bila simu mkononi. Udhaifu ulikuwa kwamba kila mtengenezaji wa simu aliibeba kerneli hiyo na kuijazia viendeshi vyake, hivyo kilichojaribiwa katika mashine pepe hakikuwa kile kilichofika katika maduka ya Omurushaka. Kuanzia toleo la 12, simu zinazotoka na kerneli ya 5.10 hutakiwa kubeba kerneli moja ya pamoja, na viendeshi vya mtengenezaji vikawekwa pembeni kama vipande vinavyopakiwa, hatua iliyofanya majaribio ya mashine pepe yawe na maana zaidi kwa simu halisi.

Viendeshi hivyo ndivyo vinavyobaki kuwa mpaka wa desturi hii. Mashine pepe ina kadi ya mtandao moja ya kuigwa, yenye tabia njema. Haina betri inayochakaa, kipaza sauti kilichoingia vumbi, wala redio ya simu inayotafuta mnara ulioko ng'ambo ya mto. Kasoro zinazotokana na vifaa hivyo, na zile zinazojitokeza tu prosesa mbili zinapokutana katika muda usiotabirika, mara nyingi hazionekani ndani ya mashine pepe, na kwa ajili yake miradi kama KernelCI, iliyoanza mwaka 2014, huziwasha kerneli mpya kwenye mabamba ya vifaa halisi yaliyotawanyika katika maabara za nchi mbalimbali.

Kwa anayetaka kuanza akiwa Kayanga, Nkwenda au Murongo, kinachohitajika kwanza ni kujua uwezo wa prosesa aliyonayo. Katika kompyuta yenye Linux, faili la mfumo liitwalo /proc/cpuinfo huorodhesha sifa za prosesa, na miongoni mwazo huenda likawamo neno vmx kwa prosesa za Intel au svm kwa zile za AMD, likiashiria kwamba msaada ule wa mwaka 2005 na 2006 upo. Kompyuta nyingi za mtumba zinao, lakini baadhi huja ukiwa umezimwa katika mipangilio inayofunguliwa mashine inapowaka, na kuuwasha ni kazi ya dakika chache. Prosesa isipokuwa na sifa hiyo kabisa, QEMU huitafsiri kerneli kipande kwa kipande kama ilivyofanya mwaka 2003, polepole zaidi, na kerneli iliyopunguzwa vizuri bado huwaka na kuendesha programu yake ya kwanza.